Mwezi wa Watu Arobaini

Iko nchi moja, sitaitaja. Wanaoishi humo wanaijua, na wasioishi humo Mungu awadumishe huko huko waliko. Ni nchi ya amani. Amani yake inatunzwa na Wizara ya Mwafaka, ambayo kazi yake ni kuhakikisha kwamba watu wawili wakitazama kitu kimoja hawaoni vitu viwili. Mwanzo ilikuwa ofisi ndogo nyuma ya soko. Sasa ina ghorofa, bustani na mzinga.

Mzinga ni wa kutangazia Idi. Zamani mtu akiuona mwezi alikwenda kwa kadhi, akala kiapo, akarudi kwake kulala. Wizara ilipoanzishwa ikaona mtindo huo una fujo ndani yake. Watu walikuwa wanaona ovyo ovyo, kila mmoja kwa wakati wake, bila uratibu. Basi ikachagua Mashahidi wa Taifa, watu arobaini wenye sifa njema, ikawajengea Nyumba ya Mwafaka, na ikaamuru kwamba jioni ya kuutazama mwezi wakusanywe mle ndani, wapewe futari, na wakae mpaka wakubaliane. Wakishakubaliana ndipo hutoka nje kutazama, kama muda unaruhusu.

Mimi sikusoma sana. Niliishia darasa la saba, nikaolewa, nikafiwa, nikahamia kwa kaka yangu Machano, ambaye mkewe alitangulia mbele ya haki kabla ya mume wangu. Kwa hiyo sina elimu ya kuikosoa Wizara. Nasema nilichokiona tu.

Machano ni muadhini wa msikiti wa mtaani kwetu. Kwa desturi ya mtaa, muadhini ndiye anayeutazama mwezi kwa niaba ya majirani, na sisi nyumba yetu ina paa la sakafu, tambarare, basi hutazamia hapo. Mwaka ninaousimulia, Mlezi wa Taifa, mkuu wa nchi yetu, alikuwa na wageni kutoka ng'ambo waliokuja kula sikukuu kwetu, na ndege yao ilikuwa na haraka. Masufuria ya pilau yalishapanda mekoni tangu alasiri. Kwa hiyo mwezi ulikuwa unatakiwa jioni ile ile ya siku ya ishirini na tisa ya Ramadhani.

Mbingu hazikuarifiwa. Lilitanda wingu zito tangu magharibi mpaka juu ya vichwa vyetu.

"Unauona, kaka?" nikamuuliza.

"Naona wingu."

"Labda uko nyuma yake."

"Nyuma ya wingu anajua Mungu, Mwanakhamisi. Mimi macho yangu yanaishia mbele yake."

Hajamaliza kusema, mzinga ukalia. Njiwa wote wa mtaa wakaruka.

Muda si muda akaja mjumbe wa Wizara, kijana mwenye adabu, akavua viatu mlangoni. "Shikamoo mzee. Umeombwa utangaze msikitini kwamba umeuona mwezi."

"Marahaba. Sikuuona."

"Wameuona watu arobaini, mzee."

"Alhamdulillahi. Basi nitatangaza kwamba wao wameuona. Mimi sikuuona."

"Mzee wangu, maneno ni yale yale."

"Kama ni yale yale, mbona unataka niyabadilishe?"

Kijana akavaa viatu vyake kwa huzuni, akaondoka.

Siku ya pili mji mzima ulikula sikukuu. Mimi na kaka tulifunga, tukakamilisha thelathini. Jioni yake wingu likafunguka, mwezi ukatoka mwembamba kama ukucha wa mtoto, na watu waliokuwa wanacheua pilau vibarazani wakaukuta unawatazama. Redio ikaeleza kwamba ule ni mwezi wa jana, umekonda kwa uchovu wa safari.

*

Wiki ile ile Machano akaitwa kushtakiwa. Kosa lilikuwa Kuuficha Mwezi wa Taifa Ndani ya Macho ya Mtu Binafsi.

Usicheke. Adhabu yake imeandikwa kwenye sheria: macho ya mkosaji huwekwa chini ya ulinzi wa serikali kwa mwaka mzima. Yaani hufungwa kitambaa cha rangi za bendera, na askari hupita kukagua fundo. Kaka yangu hana starehe nyingine duniani ila kuukalia msahafu wake baada ya sala ya alfajiri, mpaka jua linapofika kizingitini. Na mtu wa umri wake, ukimnyang'anya mwaka, huna hakika kama unamwachia mwingine.

Kesi ilisikilizwa katika ukumbi wa Nyumba ya Mwafaka. Nilikaa benchi la mbele nikatazama huku na huku, maana sina simu ya kuchezea. Ukutani ilitundikwa Nembo ya Taifa, mwezi mchanga wa bati lililopakwa dhahabu. Wenye kuutazama mwezi wanajua kwamba huku kwetu mwezi mchanga hulala chali kama bakuli, pembe juu. Nembo nayo ilichongwa hivyo. Lakini msumari mmoja ulikuwa umeliwa na kutu, nembo ikapinduka, ikabaki inaning'inia kifudifudi kama mwavuli. Nikamuuliza mfagizi mbona haigeuzwi. Akanijibu kwa sauti ya chini kwamba hakuna anayeruhusiwa kuigusa nembo isipokuwa Mlezi wa Taifa mwenyewe, na Mlezi ana shughuli nyingi. Imekuwa hivyo tangu mvua za masika ya mwaka juzi.

Akaingia Katibu wa Wizara, Daktari Burhani, mshtaki na hakimu wa kesi ile, mtu mnene mwenye sauti ya mimbari. Nyuma yake karani wake akabeba ubao na chaki.

"Waheshimiwa," akasema, "serikali hii haiendeshwi kwa mapenzi. Inaendeshwa kwa hesabu. Tuchukulie, kwa heshima zote, kwamba kila shahidi wetu ni mwongo nusu nzima. Nasema tuchukulie tu. Wizara inafahamu kwamba wengine wamezidi hapo."

Mashahidi arobaini, waliopangwa safu wakielekea Nembo, wakapiga makofi.

"Shahidi mmoja akisema ameuona, uwezekano kwamba anadanganya ni nusu, kama shilingi iliyorushwa juu. Wawili wakidanganya kwa pamoja, ni robo. Watatu, ni thumni. Wanne, nusu ya thumni." Akawa anaandika, chaki inalia, mpaka ubao ukajaa akahamia mlangoni. "Tukifika arobaini, waheshimiwa, uwezekano kwamba wote wamedanganya ni mmoja katika milioni milioni na ushei! Mtu huyu" — akamwonyesha kaka yangu kwa chaki — "anatutaka tuamini hiyo moja!"

Ukumbi ukaguna. Hata mimi niliguna. Nambari ilikuwa kubwa, na kubwa hutisha.

Machano akaomba ruhusa awaulize mashahidi swali moja. Akaruhusiwa, kwa kuwa Wizara haiogopi maswali, huogopa majibu tu, na majibu ilikuwa nayo.

"Nduguzanguni," akasema, "mwezi wenyewe ulikaaje?"

Akasimama wa kwanza, mwenye duka la vitambaa. "Ulikaa kama mwavuli."

Akasimama wa pili. "Mwavuli."

Wa tatu akasema mwavuli. Wa nne akasema mwavuli, pembe chini. Wa tano alikuwa jirani yetu, Mzee Vuai, muuza urojo. Alimtazama kaka, akatazama ukutani, akasema kwa sauti ndogo, "Mwavuli." Ikaenda hivyo hivyo mpaka mwisho wa safu. Bibi mmoja nyuma yangu akacheka, akatolewa nje.

"Mheshimiwa," akasema Machano, "ukweli una njia moja tu. Wangeuona, wote wangesema bakuli, na nisingewashangaa kukubaliana. Lakini uongo una njia mia. Watu wakipotea, kila mmoja kivyake, huyu angesema umeinama kaskazini, yule kusini, mwingine angesema ulikuwa mnene kama sahani. Watu arobaini wakipotea kila mtu peke yake hawakutani wote katika shimo moja. Wakikutana humo, ujue walikwenda wameshikana shati."

Katibu Burhani alisikiliza kwa makini sana. Kisha uso ukamnawiri.

"Mshtakiwa ametusaidia," akasema. "Sisi tulihesabu tu kwamba wameuona. Tulisahau kuhesabu kwamba wamekubaliana hata umbo! Hiyo peke yake ni milioni milioni nyingine. Karani, ongeza ubao."

Nikaona kaka yangu anazama, nikainuka. Sikupanga kuinuka, magoti ndiyo yaliyoamua.

"Mheshimiwa, mimi ni dada yake. Nilikuwa naye juu ya paa. Naomba kusema."

"Sema, mama."

"Mimi najua mambo ya jikoni tu. Kwenye shughuli, chungu kikiiva, ukitaka kujua kama chumvi imezidi, unawapelekea wanawake kumi kila mmoja alipo. Anayekuna nazi, anayechambua mchele, anayenyonyesha uani. Wote kumi wakisema imezidi, basi imezidi, tia viazi. Lakini ukiwaweka kumi wale jamvi moja, akaonja mmoja akasema 'Chumvi hiyo!', na tisa wakaitikia 'Hiyo!', hapo hujapata ndimi kumi. Umepata ulimi mmoja na vichwa tisa. Hesabu yako ni nzuri, mheshimiwa, lakini ni ya wale wa kwanza. Hawa wako walikaa jamvi moja."

Katibu akaweka chaki chini, akafuta mikono.

"Hoja hii ni nzito," akasema, "na Wizara inaichukua. Mama, ulikuwa paa moja na mshtakiwa?"

"Moja."

"Mnakaa nyumba moja?"

"Naam."

"Mlizungumza kabla ya kuja hapa?"

"Ni kaka yangu, nitaachaje kuzungumza naye?"

"Basi kwa hoja yako mwenyewe nyinyi wawili ni ulimi mmoja. Na ulimi huo ni wa mshtakiwa, ambaye kisheria hahesabiki. Kwa hiyo upande wenu hauna shahidi hata mmoja. Asante, mama, keti."

"Na wale arobaini, mheshimiwa?"

"Wale," akasema Katibu kwa upole, kama mtu anayemweleza mtoto, "wana vitambulisho arobaini."

Macho ya Machano yakafungwa pale pale. Na kwa kuwa hukumu haiwezi kupingana na vitabu, vitabu vya shule vikasahihishwa: mwezi mchanga, kuanzia sasa, unafanana na mwavuli.

*

Mwaka ule ulikuwa mrefu. Nilikuwa namshika mkono kumpeleka msikitini, naye akijua wakati kwa joto la ukuta. Alfajiri nilimsomea msahafu, na nilipokosea alinisahihisha, maana alikuwa nao kifuani. Lakini mkono wake ulikuwa unapapasa ukurasa, na mimi nilikuwa nageuza uso.

Siku moja akaja Mzee Vuai na bakuli la urojo limefunikwa. Akakaa, akakohoa, akasema, "Ndugu yangu Machano, nimekuletea kitu cha moto."

"Ahsante. Huu urojo au mwavuli?"

"Nipige tu, nimestahili."

"Sikuoni, nitampiga dada bure. Haya, hebu niambie. Ilikuwaje mle ndani?"

Mzee Vuai akajifuta jasho. "Hakuna aliyetulazimisha, wallahi. Tulikula tende, tukala sambusa, ikafika saa ya kukubaliana. Kila mtu akawa anamtazama mwenziwe. Unajua hofu ile? Hutaki kuwa wa kwanza. Mwisho mwenye duka la vitambaa akasema, 'Mimi naona umeonekana.' Basi wa pili akasema, kama huyu tajiri ameuona, mimi nani? Wa tatu akasema, wameshauona wawili. Iliponifikia mimi walikuwa wengi, nikajiambia, Vuai, watu wote hawa hawawezi kukosea."

"Na wa arobaini?"

"Wa arobaini aliapa kwamba ameuona wazi kabisa."

"Na kutoka nje?"

"Lile wingu lilikuwa linatishia mvua, bwana. Ungetoka wewe?"

Kaka yangu akacheka kwa mara ya kwanza tangu afungwe kitambaa. Akanywa ule urojo wote.

"Ukiulizwa tena utasemaje?" nikamuuliza Mzee Vuai mlangoni.

"Shemeji yangu," akasema, ingawa mimi si shemeji yake, "itategemea nani ameulizwa kabla yangu."

*

Ikarudi Ramadhani. Ilipokaribia kwisha, Wizara ikatangaza kwamba mwaka huu kutakuwa na Sherehe ya Toba. Mkosaji Machano ataletwa uwanjani jioni ya ishirini na tisa, na yeye ndiye atakayeulizwa kwanza kuhusu mwezi, ili taifa limsikie kwa masikio yake akikubaliana. Akikubali, atafunguliwa. Akikataa, mwaka mwingine.

"Kaka," nikamwambia tulipokuwa njiani, "useme tu ndiyo. Mungu anajua moyo wako."

"Mungu anajua. Anayeniuliza si Mungu, ndiyo maana ni lazima nimjibu sawasawa."

Uwanja ulikuwa umejaa. Mashahidi arobaini waliketi jukwaani, viti vyao vimeelekezwa kwenye hema la Mlezi kwa heshima, migongo kwa magharibi. Anga lilikuwa jeupe kama sahani iliyooshwa. Jua lilipozama tu nikauona, juu kidogo ya minazi, umelala chali, pembe juu, mwembamba na mzuri hata machozi yakanitoka. Nikamwinamia sikioni.

"Kaka, upo. Haki ya Mungu upo."

"Umeuona wewe," akanong'ona. "Nitakayeulizwa ni mimi."

Katibu Burhani akapanda, akatandaza mikono. "Mtoto mpotevu wa mwafaka! Mbele ya Mlezi, mbele ya taifa: umeuona mwezi?"

Machano akainua uso wake uliofungwa kitambaa.

"Sijauona," akasema.

Ilikuwa kweli tupu. Katibu akatabasamu tabasamu la mtu aliyekanyaga kitu laini gizani, akageukia mashahidi. "Haidhuru! Taifa lina mashahidi wake. Haya!"

Mwenye duka la vitambaa akasimama. Alimtazama Machano, akamtazama Katibu anayetabasamu, na akaona kwamba wa kwanza ameshasema na Katibu ametabasamu. Asingeweza kujua zaidi ya hapo, maana mgongo wake ulikuwa kwa mwezi.

"Sijauona," akasema.

"Sijauona," akasema wa pili.

"Sijauona." "Sijauona." Mzee Vuai akasema hajauona kwa ushujaa ambao sijapata kuusikia kwake. Ikapita safu nzima, wa arobaini akaapa kwamba ametazama kila upande.

Katibu alikuwa ametokwa na jasho mpaka kwenye kola. Nyuma ya hema masufuria yalikuwa yananukia. Karani wake, mtu mwaminifu, alishachukua chaki, na akasoma kwa sauti kwamba uwezekano wa wote hawa kukosea ni mmoja katika milioni milioni na ushei, kwa hiyo mwezi haupo.

"Mfungueni huyu!" Katibu akapiga kelele. "Mfungueni atazame! Aanze upya!"

Askari akalifungua fundo. Kaka yangu akafumba macho, akayafumbua, akayafumba tena kwa mwanga, akashika bega langu. Kisha akatazama magharibi. Alitazama muda mrefu, kama mtu aliyerudishiwa mali yake anaihakiki.

"Sasa nauona," akasema. "Umelala kama bakuli."

"Umbo halikuulizwa!" Katibu akasema. "Haya, ameuona! Mzinga!"

"Mheshimiwa," karani akasema, "ni mmoja dhidi ya arobaini. Na bakuli ni kinyume cha vitabu. Kisheria huyu ameona mwezi usiokuwapo, kwa umbo lisilokubalika."

Hesabu ilikuwa ya Katibu mwenyewe, hakuwa na pa kukimbilia. "Mfungeni tena," akasema kwa sauti ya mtu aliyechoka. Nami nikaushika mkono wa kaka yangu, kwa kuwa sikuwa na kingine cha kushika.

Askari akanyanyua kitambaa. Hapo ndipo tuliposikia takbira kutoka upande wa machimbo ya mawe, ng'ambo ya mto, sauti za wanaume wachache. Haijapoa, yakasikika mabati yakigongwa juu kilimani, kule kwenye wodi ya wagonjwa wa kifua ambako hakuna mtu anayekwenda. Halafu vigelegele mtaa wa wafinyanzi. Halafu, taratibu, kutoka nyuma ya ukuta wa gereza, ambako kila chumba kina dirisha la ukubwa wa kitabu na wafungwa hawaonani, sauti moja, kisha ya chumba kingine, kisha ya kingine.

"Nani amewaambia?" Katibu Burhani akauliza. Alikuwa ananiuliza mimi, maana nilikuwa karibu. "Nani amekwenda kuwaambia wale?"

"Hakuna aliyewaambia, mheshimiwa."

Akamtazama askari. Askari alikuwa bado amekishika kile kitambaa, kimoja tu, amekikunjua kwa mikono miwili mbele ya uso wa kaka yangu. Aliutazama mji unaopiga kelele pande zote. Kisha akakishusha, akageuka polepole, akatazama magharibi.